Mama wa Kuita

"Haya, tena," alisema Mama Chiriku. "Mimi ni nani?"

"Mama."

"Chiriku!"

"Mama mkubwa," mtoto akajirekebisha, akapitisha ulimi kwenye pengo la meno ya mbele.

"Na huko tunakokwenda, yule mke wa baba ni nani?"

"Mama mdogo."

"Umeona? Kazi rahisi tu."

Seremala, mumewe, ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa ametoa kichwa dirishani ili aione njia, maana ukungu ulikuwa umelala barabarani na taa moja ya pikapu ilikuwa imekufa zamani. Gari lilishuka kona za mlima polepole, likikohoa kila alipobadilisha gia. Nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na begi la nguo za mtoto, begi la nguo za wakubwa, na kitanda kidogo ambacho Seremala alikipiga randa na msasa wiki nzima, akikataa kazi za watu. Wateja walipolalamika aliwaambia, "Nina mteja mmoja hana subira." Mteja mwenyewe alikuwa akikaa juu ya kiunzi cha mbao pembeni, akimuuliza maswali.

Ndiyo maana aliitwa Chiriku. Tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Hata usingizini alinong'ona, akabishana na watu wa ndotoni.

Mama yake mzazi, mdogo wake Mama Chiriku, alifariki kitovu cha mtoto hakijakauka. Baba yake wakati huo alikuwa kibarua anayelala bwenini na wenzake, kijana asiyejua hata kichwa cha mtoto mchanga kinashikwaje. Seremala na mkewe waliteremka kwa pikapu hiihii wakamchukua. Hawakuwa na mtoto mwingine. Kabla ya siku ile yeye alikuwa mke wa seremala; baada ya siku ile mtaa mzima ukamwita Mama Chiriku, na yeye akaitika, akaendelea kuitika, mpaka akasahau kwamba jina lile aliazimwa.

Sasa kijana yule alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha matofali. Alikuwa na nyumba, na ameoa. Alipiga simu kwa heshima zote. "Mwanyumba," alimwambia Seremala, "nyie mmenilelea, na mimi sina cha kuwalipa. Lakini shule inafunguliwa, na mtoto anatakiwa kwao." Nani angebisha? Mtoto ni wa baba yake. Mama Chiriku mwenyewe alisema, "Ni haki yake," kisha akaenda uani akafua nguo zilizokuwa safi.

Lile somo la majina lilikuwa wazo lake. Hakutaka kuaibika kwenye sebule ya watu. Hakutaka mtu aseme, huyu alimficha mtoto ukweli akamfunza kuwasahau wenyewe. Kwa hiyo kila siku, akimsuka, akimwogesha, alimuuliza, "Mimi ni nani?" Na kila mtoto alipojibu sawasawa, mwalimu alitamani akosee.

*

Walipofika mahali miti mikubwa inapokatika, ukungu ukafunguka kama mlango, na bonde lote likawa mbele yao na jua lake. Chiriku akapiga kelele.

"Fundi! Dunia imetokea!"

"Ilikuwepo," alisema Seremala. Mtoto alimwita Fundi kama walivyomwita wateja, naye alipenda hivyo. "Sisi ndio tulikuwa hatupo."

Joto likaanza kupanda kutoka chini. Chiriku alivua sweta. Baada ya kona chache akavua soksi. Mama Chiriku akafungua shali, akaikunja magotini, na mikono yake ikakumbuka jambo. Safari ile ya kwanza ilikuwa kinyume cha hii. Walipanda mlima huu kutoka kwenye joto, na kila mwendo ulivyozidi waliongeza nguo juu ya mtoto: kitambaa, kisha taulo, kisha shali hii, kisha koti la Seremala linalonuka gundi, mpaka mtoto akawa pua tu. Kila kilima alimwambia mumewe asimame, aweke sikio asikie kama kale kapua kanapumua. Seremala alisimama kila mara. Safari ya siku moja iliwachukua siku na kipande, na hakulalamika hata mara moja.

"Simama hapo kwenye kalvati," alisema ghafla.

"Gari limechemka?"

"Hapana. Simama tu."

Seremala aliijua sehemu hiyo, akaegesha. Zamani palikuwa na nyumba ya pampu ya maji. Baba yake Mama Chiriku ndiye alikuwa mlinzi wake, akiiwasha alfajiri na kuizima jioni, na wasichana wake wawili walikulia hapo, na mlio wake ndio uliokuwa saa yao. Pampu ikibadilisha sauti hata usiku wa manane, wote wanne walikuwa wamekwishakaa kitandani kabla ya baba kuwasha taa. Sasa ukuta mmoja ndio uliobaki, hauna paa, na kwenye sakafu ya saruji palisimama boliti zenye kutu zilizokuwa zimeishika mashine. Majani yalikuwa yameota mpaka jikoni.

"Hapa ndipo tulipolala mimi na mama yako," alimwambia mtoto. "Yeye huku, mimi huku. Alikuwa na mateke kama punda."

"Na hii?"

"Mfereji. Maji yalikuwa yanatoka hapa yanakwenda kule kwenye tangi. Mdogo wangu alikuwa anauruka bila hata kushika gauni. Mimi mkubwa nilikuwa nazunguka mpaka kwenye ubao."

Chiriku akautazama mfereji, akamtazama mama mkubwa wake. "Huu? Mbona mwembamba?"

"Zamani ulikuwa mpana."

Mtoto akauruka. Akageuka, akauruka tena kuja. "Na wewe ruka, mama."

Hakumsahihisha. Alikunja gauni lake la safari, lile la bluu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo ili asiende kwa watu kama maskini, akaruka. Mguu wa mbele ulifika salama. Wa nyuma uliingia kwenye tope mpaka kwenye kigimbi, na ubavu wote wa gauni ukachafuka. Seremala, aliyeegemea pikapu akipiga mswaki kwa kijiti, alicheka mpaka akakaa chini.

"Miaka yote hiyo unaogopa," alisema, "kumbe ulikuwa na akili!"

Alicheka na yeye. Alisimama na mguu mmoja mweusi katikati ya jiko la mama yake, akacheka, na mtoto akacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Kwa kitambo kile ilikuwa kana kwamba nyumba bado ina paa, na mtu atatokea muda wowote kuwauliza kelele za nini.

*

Uwandani hapakuwa na kivuli. Barabara ilinyooka mpaka ikayeyuka, na pande zote mbili palikuwa na majani makavu yenye rangi ya ngozi ya ng'ombe. Upepo wa moto uliingia madirishani. Mbele kidogo kimbunga cha vumbi kilikuwa kikivuka barabara peke yake, kimenyooka, na Chiriku akataka kujua kinakwenda kwa nani.

Walisimama kunywa chai kwenye kibanda cha mabati. Mwuza chai, mama mwenye miguu iliyovimba, aliwaletea mkate na vikombe, akamshika mtoto kidevu.

"Huyu hukumficha, mama. Uso wako mtupu. Hata ukimtupa, watu watakurudishia."

"Wanasema hivyo," alijibu Mama Chiriku, na chai yake ikawa tamu kabla hajatia sukari.

Seremala akamtazama, akaangalia pembeni.

Dereva wa lori lililotoka upande wa pili alikuwa akinawa uso kwa maji ya dumu. "Mnashuka?" aliuliza. "Basi kunyweni chai taratibu. Kule mvua inapiga tangu asubuhi. Lile daraja la chini limezama, vigari vidogo vyote vinageuza."

Mama Chiriku akaweka kikombe. Alisubiri dereva aondoke, akamvuta mumewe nyuma ya pikapu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi turudi."

"Maji ya mvua hayakai, Mama Chiriku. Yatashuka."

"Yasiposhuka? Utamwingiza mtoto mtoni na hiki kikopo chako?"

"Nitasimama kando, nitangoja."

"Tumpigie simu, tumwambie njia imekatika. Si uongo. Mungu mwenyewe ameikata. Ataelewa. Tuje mwezi ujao."

"Na shule?"

"Kwani kule kwetu hakuna shule? Zimeota huko tu?"

Seremala aliegemea turubai. Chini yake mguu wa kitanda ulikuwa umetokeza, akausukuma ndani, akaufunika vizuri kama mtu anavyomfunika aliyelala.

"Sikiliza," alisema. "Usiku ule alipopiga simu, mimi nilitoka nikaenda karakana, nikashika nyundo, nikakaa. Sikupigilia hata msumari. Nilikaa tu na nyundo mkononi. Unafikiri mimi nataka? Lakini tukirudi leo, itabidi tuje tena. Mimi njia hii siiwezi mara ya pili. Nimeiweza leo kwa sababu sikujua ilivyo."

"Nyie wanaume hamjui uchungu."

"Sawa."

"Usiniambie sawa!"

"Basi niseme nini?"

Hapo Chiriku akachungulia pembeni mwa gari, mdomo umejaa mkate. "Mnagombana?"

"Hatugombani," walisema wote wawili.

"Mama ameshika kiuno."

"Mgongo unaniuma," alisema Mama Chiriku, akaondoa mikono kiunoni. "Haya, ingia garini."

*

Mvua waliiona kabla ya kuifikia. Ilisimama mbele kama ukuta wa rangi ya risasi, na jua lilikuwa bado linawapiga migongoni. Kisha tone moja likaanguka kwenye kioo, kubwa kama yai, na kabla Chiriku hajamaliza kulitangaza, dunia ikafungwa.

Mota ya waipa ilikuwa imekufa mwaka ule ilipokufa taa. Huko mlimani, kwenye manyunyu, hawakuijali sana. Kwa mvua ya namna hii Seremala alikuwa na dawa yake. Alifunga kamba mbili kwenye waipa, moja akaipitisha dirisha la kulia, nyingine la kushoto. Wa kulia akivuta, waipa inakwenda. Wa kushoto akivuta, inarudi. Kwa kawaida yeye alivuta huku akiendesha, na mkewe akavuta kwa upande wake wakinuniana.

"Nipe mimi!" alisema Chiriku. "Mimi nipe ya Fundi!"

Akapewa ncha ya kamba, akakaa katikati, akasimamia kazi. "Mama, vuta! Mimi! Wewe! Mimi! Wewe! Mama, unachelewa, Fundi haoni!"

"Mkono umechoka, bosi."

"Hakuna kuchoka. Wewe! Mimi! Wewe!"

Maji yaliingia madirishani yakawalowesha mabega. Seremala aliendesha pua ikigusa kioo. Walifika mtoni magari yamepanga foleni, maji ya kahawia yakipita juu ya daraja kwa kishindo, na wakangoja humo ndani, madirisha yakigeuka meupe kwa pumzi zao. Chiriku alichora kwenye kioo gari, akachora kitanda juu ya gari, akachora watu watatu juu ya kitanda. Kisha, kwa mara moja tu, akalala, kichwa kwenye paja lenye tope.

Mama Chiriku alimwomba Mungu maji yasishuke. Aliomba waziwazi, kwa moyo wote, bila haya. Kisha akaona aibu, akaomba yashuke. Hakujua Mungu angeshika lipi.

Yakashuka. Lori la mbele lilivuka, likapiga honi kuwaita wa nyuma. Seremala akatia gia ya kwanza. Mtoto akaamka pikapu ikiwa katikati ya maji, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kamba yangu iko wapi?"

*

Nyumba ya Msimamizi ilikuwa mpya, imepakwa rangi ya maziwa, na sebule yake ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vyenye marinda. Mama Chiriku alivua viatu mlangoni. Hilo halikusaidia, tope lilikuwa kwenye gauni. Alikaa kwenye ncha ya kochi, akageuzia ubavu ule ukutani.

"Kaa vizuri tu, dada," alisema mke wa Msimamizi. "Vitambaa vinafuliwa."

Alisema kwa wema. Lakini sasa kila mtu aliliona tope.

Mke wa Msimamizi alikuwa mpishi katika jiko la hospitali. Alikuwa mwanamke mpana, mrefu, mwenye mikono iliyozoea masufuria ya watu wengi, na alikuwa ametandika, amepika, amepiga deki, akabadilisha gauni mara mbili, mwisho akavaa jeusi kwa sababu jeusi hupunguza. Aliwaletea chai yeye mwenyewe. Kila alipozungumza alisema "dada": dada karibu, dada poleni na mvua, dada ongeza sukari. Alikuwa ameingia mahali pa marehemu, na kwa desturi yeye ndiye mdogo sasa. Mama Chiriku alijua jibu la heshima ni lipi. Alijaribu kulitoa, likakwama. "Asante, mwenzangu," alisema.

Nje, Seremala na Msimamizi walikuwa wakishusha mizigo.

"Ah, mwanyumba!" ilisikika sauti ya Msimamizi. "Mmejisumbua na kitanda. Mbona tulishanunua? Cha chuma, kiko ndani, na godoro lake."

Mguu wa kitanda ukagonga saruji.

"Basi vitakuwa viwili," alisema Seremala. "Akigombana na kimoja ahamie kwa mwenzake."

"Tutakiegemeza hapa barazani kwa sasa. Tutaona pa kukiweka. Na hii, mwanyumba, usinielewe vibaya, ya mafuta tu..."

"Mafuta tumeweka. Gari haliwezi kunywa mara mbili, litalewa."

Waliingia wakicheka, wote wawili bila kicheko. Mikono ya shati la Seremala ilikuwa imelowa. Alikuwa amekifuta kitanda maji kabla ya kukiacha. Msimamizi alikaa, akaweka viganja magotini, akamtazama binti yake aliyesimama kati ya makochi katika gauni lililokunjamana. Alimtazama kama mtu anayetaka kukumbatia na hajui aanzie wapi. Kila alipomtembelea kule mlimani alimletea pipi, mtoto akazila, akaenda kucheza. Huo ndio ulikuwa ujuzi wao wa kujuana.

"Unamfahamu mama huyu?" alimuuliza, akimwonyesha mkewe. "Haya, mwamkie."

Mpishi akainama, uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Karibu mwanangu. Mimi ni nani?"

Mama Chiriku alishika pumzi. Lilikuwa swali lenyewe.

Chiriku akamtazama yule mwanamke kuanzia juu mpaka chini. Akageuka akamtazama mama yake, mwembamba, aliyejikunja kwenye ncha ya kochi. Ungeona jinsi somo la wiki nzima lilivyomwingia hatimaye, likaeleweka. Akatabasamu na pengo lake.

"Wewe ni mama mkubwa," alisema. "Na yule ndiye mama mdogo."

Msimamizi akakohoa. Mkono wa Mpishi ukaenda wenyewe tumboni, ukalivuta gauni jeusi. Polepole akanyooka.

"Mama mkubwa," alisema. "Kumbe ndivyo mlivyomfundisha njiani."

Kuna utamu uliopita kwenye ulimi wa Mama Chiriku, mdogo kama punje ya sukari. Ungemtosha kukaa kimya.

"Sivyo," alisema. "Wallahi sivyo. Chiriku, tulisemaje?"

"Si ndivyo? Yeye mkubwa, wewe mdogo. Hata kiti chako umekijaza nusu."

"Adabu!" Msimamizi alifoka.

Mtoto akanywea. Alirudi nyuma mpaka akagusa magoti ya Seremala, midomo imefungwa, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri hakuwa na neno. Kimya kile kiliwatisha wote kuliko yale aliyoyasema.

Mpishi ndiye aliyegeuka. "Wewe unamfokea nini mtoto? Amesema uongo? Kule jikoni wananiita Sufuria, mbele ya wagonjwa, na ninaitika. Leo nimepata cheo kwenye nyumba yangu, unakuja kunivua!" Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, na macho yake yalikuwa na maji. Seremala akacheka, kwa shukrani. Mama Chiriku akajikuta anacheka na yeye.

"Njoo hapa," alimwambia mtoto. "Mkubwa na mdogo si mwili. Mimi nilizaliwa kabla ya mama yako, basi kwako ni mama mkubwa, hata nikiwa kama kijiti. Huyu amekuja nyuma, basi ni mama mdogo. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Chiriku akafikiri. "Na mama tu?"

"Mama tu vipi?"

"Mama ambaye si mkubwa wala si mdogo."

"Mama yako alifariki, mwanangu," alisema Msimamizi, safari hii kwa upole. "Unajua hilo."

"Yule namjua. Yule aliyekuwa anaruka mfereji." Alisema bila huzuni, kama mtu anayeondoa kitu kisichohusika. "Mimi nauliza wa kuita."

Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka ukingo wa bati kuingia kwenye ndoo. Seremala alitazama ndani ya kikombe chake. Mpishi alimtazama Mama Chiriku, kama mgeni anayengoja kuonyeshwa pa kukaa, ijapokuwa nyumba ilikuwa yake. Mama Chiriku alifungua mdomo. Alikuwa na jibu la haki na alikuwa na jibu la kweli, na yote mawili yalitaka kutoka kwa wakati mmoja, yakazibana.

"Twende nikuonyeshe chumba," alisema Msimamizi, akasimama. Alinyoosha mkono. Mtoto aliutazama ule mkono, akaushika kidole kimoja, wakatoka.

Watu wazima watatu walibaki na chai. Mpishi aliuliza kuhusu barabara. Seremala alieleza habari za mto, akaeleza tena. Huko ndani zilisikika hatua, kabati likifunguliwa, sauti ya Msimamizi ikieleza jambo la dirisha.

Kisha mtoto akaita.

"Mama!"

"Abee!" waliitika wanawake wote wawili, pamoja, na wote wawili walikuwa wamekwishasimama.

Wakatazamana juu ya vikombe. Sauti ile haikuwa ya kuumia, wala ya hofu. Mama Chiriku aliujua kila mwito wa mtoto yule, wa mende, wa njaa, wa ndoto mbaya, na huu ulikuwa mwito wa njoo uone. Lakini alimwita nani? Huenda mwitaji mwenyewe hakujua. Aliita tu, kama watoto wote wanavyoita, akiwa na hakika kwamba mtu atakuja.

Mpishi akawa wa kwanza kurudi nyuma. "Nenda wewe, dada. Mimi bado hajanizoea."

Miguu ya Mama Chiriku ilikuwa imeshaanza safari. Aliisimamisha. Akashika mkono wa kochi, akakaa. Na alipokaa alijaza kiti chote, tope na yote, mpaka kwenye vitambaa vyeupe.

"Nenda wewe, mdogo wangu," alisema. "Usipofika upesi ataita mpaka majirani waje."

Mpishi alisimama kidogo, kama aliyesikia vibaya. Halafu akatoka mbio, mwili wake wote ukikimbia, na sakafu ikatikisika.

Kupitia ukutani waliisikia sauti ya Chiriku ikianza tena: hii ni ya nini, na hii inafunguka vipi, na kwa nini huku mvua ina joto, na kitanda cha Fundi kitakaa upande gani kwa sababu hiki cha chuma kinalia. Na sauti ya Mpishi ikijibu, moja baada ya nyingine, kwa bidii, kama mtu anayepanga sahani.

"Anamjibu kila swali," alisema Mama Chiriku. "Hajui kwamba mengine unaacha yapite. Atakuwa hoi kabla ya wiki kuisha."

Seremala aligeuza uso dirishani.

Walikuwa wamebeba nguo za kulala, wakae mpaka mtoto azoee. Mama Chiriku alisikiliza kidogo tena. Kisha akajifunga shali, ingawa kulikuwa na joto.

"Maliza chai yako, mume wangu," alisema. "Tutalala njiani. Twende tukamuage angali anaongea."